Jembe la Siku ya Tatu

Kitabu cha tatu sikukipata. Cha kwanza na cha pili nilivinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akitandika turubai kando ya barabara pale Ngamiani na kupanga juu yake vitabu vya mtumba: vya uhasibu, vya mapishi, Biblia zilizotoka majalada, na riwaya nene za Kiingereza ambazo hakuna aliyejua zilifikaje Tanga. Niliporudi kwake baada ya likizo akanipa cha nne. "Cha tatu hakijaja, mwanangu. Chukua hiki, kile kikija nitakuwekea." Nilikuwa kidato cha tatu. Mfululizo wenyewe ni The Wheel of Time wa Robert Jordan, vitabu 14, maneno zaidi ya milioni 4. Hayo sikuyajua wakati ule. Nilijua tu kwamba siwezi kungoja.

Nikakifungua cha nne. Rand, kijana wa kijijini aliyekuwa akichunga kondoo na baba yake, sasa yumo ndani ya ngome kubwa ya mawe katika mji wa Tear, na ana upanga wa kioo ambao mimi sikumwona akiutwaa. Perrin, yule mwanafunzi wa mhunzi, mpole, mzito wa maneno, ana mchumba. Jina lake Faile, na anamgombeza Perrin kama mtu aliyemzoea siku nyingi, wala hakuna aliyejisumbua kunitambulisha. Nilidhani nitaudhika. Kumbe hali ile nilikuwa naijua.

Kila shule ilipofungwa nilipelekwa Pangani kwa bibi, na kila niliporudi mtaa ulikuwa umeendelea bila mimi. Mama alinihadithia huku akipakua chakula: fulani kafariki, fulani kaoa, duka la pembeni limefungwa, wale wa nyumba ya tatu wamehamia Muheza. Siku mbili tatu nilitembea nikiwa nimechelewa, nikiwapa pole watu waliokwisha maliza kulia. Mtaa haungoji mtu, na kwa kuwa haukuningoja ndipo nilipojua kwamba upo, kwamba ungekuwapo hata nisingezaliwa. Sasa hapa palikuwa na mtaa mwingine, wa karatasi tupu, na wenyewe haukuningoja.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza raha hii ni ya namna gani. Jibu ninalolisikia mara nyingi, tena kwa watu ninaowaheshimu, ni kwamba msomaji wa mifululizo ya kubuni anakimbia. Anakimbia ada ya shule, ndoa iliyopooza, jua la saa saba kwenye kituo cha daladala. Silikubali. Anayekimbia hutupa mizigo, huyu anajitwika. Asomaye vitabu 14 anabeba majina ya watu kwa mamia, koo, madeni, viapo, vidonda vya zamani, nani alimsaliti nani katika kitabu cha pili na kwa nini neno moja katika cha tisa linamfanya mtu ageuze uso. Hakuna anayemlipa. Kama huku ni kukimbia, basi ni kukimbia kwa ajabu, kwa mtu aliyejifunga gunia la mkonge mgongoni.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kuisikia kama onyo kwa mgeni asiyetaka kuondoka. Mimi naiona kwanza kama heshima. Siku ya kwanza unachinjiwa kuku, unapewa kiti kizuri, unaulizwa habari za utokako. Unapendwa, lakini huhitajiwi. Siku ya tatu unapewa jembe, na jembe maana yake ni kwamba shamba hili sasa linakuhusu. Mvua isiponyesha, na wewe utaangalia mawingu. Mji wetu wa Tanga umezoeleka kwa msemo wake wa waja leo waondoka leo. Hadithi fupi ni ya waja leo. Inakukirimu vizuri, inakuaga mlangoni, na unaondoka nayo kama harufu ya udi katika nguo. Mfululizo mrefu unakupa jembe. Kukumbuka ndiko kulima kwenyewe, na raha yake ni ya mwenyeji, mtu ambaye kazi yake imeingia katika ardhi ya mahali.

Mtoto wa Tanga hawezi kulizungumza jambo hili bila kupita Vibambani, karibu na Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Yeye ndiye aliyetupa Kusadikika, mwaka 1951, nchi aliyoiweka angani, na Kufikirika, iliyochapishwa 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Nimeyakalia majina haya mawili kwa muda mrefu. Kusadiki ni tendo la mtu. Kusadikika ni sifa ya kitu: mlango unafungika, chakula kinalika, nchi inasadikika. Ni kama kwamba uwezo wa kuaminiwa umo ndani ya ile nchi yenyewe, kama utamu ulivyomo ndani ya muwa, unangoja mtu atafune.

Lakini ni kitu gani kinachoifanya nchi isadikike? Ushahidi haumo. Shaaban Robert hakuhangaika kutuonyesha jinsi watu wanavyoweza kusimama hewani. J. R. R. Tolkien, aliyetoa The Lord of the Rings kati ya 1954 na 1955, alichukua njia nyingine. Alichora ramani na kutunga lugha nzima zenye sarufi zake, na watu wengi husema siri iko hapo. Mimi naona ramani ni msaada tu. Umeme ukikatika usiku katika nyumba ya watu, mgeni ataomba tochi. Mwenyeji atanyanyuka, atapita kati ya kochi na meza, atafika kwenye mtungi, atachota maji. Ukimwuliza kama anasadiki kwamba mtungi upo, atakushangaa. Amevuka mahali pa kusadiki. Mwili wake unaijua njia. Imani ni ya mgeni. Mwenyeji ana mazoea, na mazoea hayapatikani kwa hoja, yanapatikana kwa kupita palepale mara nyingi, umechoka, una furaha, unaumwa. Ndiyo maana urefu wa mfululizo si mafuta ya ziada yanayoweza kupunguzwa. Urefu ndio unaoigeuza imani kuwa mazoea.

Hapa msomaji makini atanikatiza: Kusadikika ni kitabu chembamba, unakimaliza kwa siku moja, na bado kinasadikika. Ni kweli. Tena ndani yake mna mifupa ya kitabu kirefu sana. Karama, akijitetea barazani mbele ya mshitaki wake Majivuno, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Mwandishi wa siku hizi angetoa vitabu sita humo, kila mjumbe na chake. Shaaban Robert alitaka hukumu, naye aliibana hadithi ili hukumu isichelewe. Alikuwa na haki. Hata hivyo nimetamani mara nyingi kukaa na mjumbe mmoja njiani, nijue alilala wapi na alikula nini.

Mwaka uliofuata, 1952, alitoa Adili na Nduguze, na hapo jambo linaonekana waziwazi. Kiini cha kisa kimo katika Alfu Lela Ulela, katika habari za Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, ambaye ndugu zake wawili waligeuzwa mbwa. Kwa Shaaban Robert wamekuwa manyani, na Adili, kwa amri ya jini, ni lazima awachape kila usiku. Kila usiku! Nilipokisoma nikiwa darasa la sita maneno hayo mawili yalinilaza macho, kwa sababu nilijaribu kuzihesabu hizo siku na kitabu hakikunipa nafasi ya kuzihesabu. Kitabu chembamba kinaweza kukwambia kwamba jambo lilitokea kila usiku. Mfululizo mrefu unakufanya ukeshe nalo. Kuambiwa muda na kuupitisha ni mambo mawili, na sijui sanaa nyingine inayoweza kutufanyia hili la pili kwa uaminifu zaidi, maana muda anaotumia msomaji ni wake mwenyewe, umetoka katika umri wake. Mhusika akisema amechoka na safari baada ya kurasa 6,000, mimi pia nimechoka, kwa haki.

Wala watu wa pwani hii hawakuwa wageni wa urefu. Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye zimwi ndani ya jina lake, una beti zaidi ya 4,000. Hemedi bin Abdallah al-Buhry, mshairi wa upande huu wetu, aliyesimulia vita vya Wadachi kuitwaa Mrima, alitunga pia tenzi ndefu za mashujaa wa kale wa Uislamu. Shaaban Robert mwenyewe, huyo wa vitabu vyembamba, aliandika beti 3,000 juu ya vita vya 1939 hata 1945. Waliosikiliza tungo za namna hiyo walijua wanachokwenda kufanya: walikuwa wanakwenda kukaa.

Kuna pia raha ya kile kisichoonyeshwa. Kilomita kama 8 kaskazini ya mji yako mapango ya Amboni. Hutajwa kuwa kumi, na wageni huingizwa katika moja tu. Humo ndani, mtembezaji akishaonyesha popo na maumbo ya mawe, hufika kwenye ufa mweusi na kusema njia hii, wazee wanasema, hutokea Mombasa. Na ile kule, Kilimanjaro. Sijawahi kukutana na mtu aliyetokea Mombasa. Lakini nimeona nyuso za watu pale mbele ya ufa, wanavyonyamaza. Pango lililokwisha ni chumba. Pango linaloendelea ni nchi. Mwandishi wa mfululizo mzuri anajua kuacha nyufa, anataja vita ambavyo havisimulii na miji ambayo hatutafika, na sisi tunasimama pale tukisikia hewa ya baridi ikitoka ndani.

Jordan alianza mfululizo wake 1990 akafariki 2007 kabla ya kuumaliza. Aliacha maandishi ya namna mambo yatakavyokwisha, na Brandon Sanderson, mwandishi kijana kuliko yeye, akayapokea na kukitoa kitabu cha mwisho 2013. Nilipopata habari za kifo kile nilihisi msiba, na niliona haya kuusema, kwa kuwa marehemu simjui. Sasa sioni haya. Yale maandishi yalikuwa wasia, na Sanderson alikuwa wasii. Alilima shamba la mtu mwingine mpaka likavunwa, na nikisoma kurasa zake ninaweza kusema wapi mkono umebadilika, kama unavyojua kwamba leo wali haukupikwa na mama. Ni mwenyeji tu anayeweza kulijua hilo, na kulisamehe.

Linaloniuma ni kwamba haya yote niliyapata kwa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili anao moyo wa kufuatana na mtu kitabu kwa kitabu. Muhammed Said Abdulla alituongoza na mpelelezi wake Bwana Msa tangu Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, hadi Kosa la Bwana Msa, 1984, na watu walimfuata. Euphrase Kezilahabi alitufungulia mlango mwingine kabisa kwa Nagona na Mzingile, vitabu viwili vinavyoshikana mikono, vyembamba kama kaki, vizito kama jiwe la kusagia. Lakini mfululizo mrefu wa nchi ya kubuni, yenye majini na misimu yake, yenye mito inayofurika kama Pangani na makaburi ya mawe kama ya Tongoni, ambamo mtu angeingia akiwa na miaka 15 na kutoka akiwa mzazi, bado nautafuta. Kitabu kwetu hununuliwa zaidi kikiwa kimepangwa shuleni, na cha shule kinatakiwa kiwe chembamba, kimalizike kabla ya mtihani. Hesabu hiyo ninaielewa. Lakini ninamwonea huruma mtoto anayejua kupewa kiti tu katika lugha yake, hajawahi kupewa jembe. Ninaomba mtu ajitokeze, aanze, hata kama hatamaliza. Wasii watapatikana.

Yule mzee wa turubai hakuniwekea cha tatu. Mwaka uliofuata hakuwapo tena barabarani, na kila niliyemwuliza alinipa jibu lake. Niliendelea hadi cha 14 nikiwa na pengo lile, na pengo likawa sehemu ya nyumba, kama jino lililong'oka ambalo ulimi umelizoea. Kisha, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikipita kwenye vitabu vya mtumba kando ya barabara ya Samora, Dar es Salaam, nikakiona: The Dragon Reborn, jalada limekunjika, ukurasa wa mwanzo una jina la mtu wa mbali lililofutwa kwa kalamu. Sikubishana bei.

Nilikisoma polepole, kurasa kumi kumi, baada ya watoto kulala. Nikafika mahali ambapo Perrin anamwona Faile kwa mara ya kwanza. Yeye hajui huyu mwanamke ni nani. Mimi nimekwisha kuhudhuria harusi yao, nimewaona wakigombana, nimewaona vitani, nimeogopa kwamba mmoja atafiwa na mwenzake. Nilikishusha kitabu magotini. Mama ana picha moja, nyeusi na nyeupe, ya yeye na baba mbele ya studio ya mpiga picha mjini Tanga, kabla ya ndoa, wamesimama mbalimbali kidogo, mikono haijui iwekwe wapi. Niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka saba, nikawatazama kwa muda mrefu, wale wawili ambao walikuwa hawajanijua.