Nia ya Kupanda na Mamlaka ya Kurudi: Tafakuri juu ya Safari ya Kibo

Miongoni mwa maswali ambayo dini na falsafa zimeyashughulikia kwa muda mrefu bila kuyamaliza ni lile la uhusiano kati ya mpango wa mtu na mambo yasiyo katika uwezo wake, yaani kama kuna maana yoyote ya mtu kuazimia jambo ambalo utimilifu wake unategemea hali asizozitawala. Mji wa Moshi, ulio chini ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, unatoa mfano ulio wazi kuliko mingi ya vitabuni, kwa kuwa kila msimu wa kiangazi watu huketi katika ofisi za kampuni za utalii wakipanga tarehe, na hata saa, watakayosimama katika kilele cha Uhuru, juu ya Mlima Kilimanjaro, chenye meta 5,895, na hulipa fedha nyingi kwa ajili ya saa hiyo. Hoja ya makala haya ni kwamba mpango wa namna hiyo huwa mpango wa kweli, kimaadili na kidini, pale tu unapoamua mapema nani atakuwa na mamlaka ya kuuvunja.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mtu hashauriani na nafsi yake juu ya mambo yote bali juu ya yale tu anayoweza kuyatenda, na kwamba ndani ya hayo hushauriana juu ya njia na si juu ya lengo. Kwa mpandaji wa Kibo, ambacho Uhuru ni sehemu yake ya juu kabisa na ambacho ni kilele kikuu cha mlima wenye vilele vitatu, viwili vingine vikiwa Mawenzi na Shira, mambo ya kushauriwa yanajulikana: msimu, kwa kuwa masika ya Machi hadi Mei huzigeuza njia za msituni kuwa tope, njia, iwe Marangu yenye mabanda ya kulala ya Mandara, Horombo na Kibo, iwe Machame, Lemosho au Umbwe ambako watu hulala katika mahema, na zaidi ya yote idadi ya siku, kwa sababu mwili huhitaji muda kuizoea hewa nyepesi, na kila siku inayopunguzwa ili kuokoa ada ya hifadhi hupunguza pia nafasi ya kufika. Kufika kwenyewe hakumo katika orodha hiyo. Ugonjwa wa mwinuko, yaani madhara yampatayo mtu anapopanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea upungufu wa oksijeni, humwangusha kijana mkakamavu na kumwacha mwenzake wa miaka 60 akiendelea, na afya ya mtu akiwa bondeni si dhamana ya lolote. Kampuni inayouza kilele, basi, inauza kitu isichokimiliki, na anayekinunua amenunua jaribio hata kama risiti yake inasema vinginevyo.

Mafundisho ya dini mbili zenye wafuasi wengi katika mji huo yanakubaliana katika jambo hili kuliko inavyodhaniwa. Sura ya Al-Kahf inamkataza Mwislamu kusema kwamba kesho atafanya jambo fulani bila kulifungamanisha na matakwa ya Mungu, nao Waraka wa Yakobo unawakemea wafanyabiashara wanaotangaza kwamba watakwenda mji fulani na kukaa humo mwaka mzima ilhali hawajui yatakayotokea kesho. Hata hivyo hakuna dini kati ya hizo mbili inayofanya onyo hilo kuwa ruhusa ya uzembe. Katika Injili ya Luka imo habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hutakiwa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, na katika mapokeo ya Kiislamu Mtume anasimuliwa kumwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza kisha ndipo atawakali. Tawakali ni kumtegemea Mungu katika matokeo baada ya kutimiza sababu, na neno sababu hapa lina maana ya njia za kawaida ambazo kwazo mambo hutendeka. Al-Ghazali, mwanachuoni wa karne ya 11 na 12, aliliandikia suala hilo kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa ya kuhuisha elimu za dini.

Kinachosahaulika katika matumizi ya kila siku ni mahali pa maneno hayo. Mtu husema Mungu akipenda mwishoni mwa mazungumzo, mipango yote ikiwa imekwisha kufungwa, tiketi ya ndege ya kurudi imekatwa na hakuna siku hata moja iliyoachwa wazi, na hapo maneno hayo yamekuwa adabu ya ulimi tu. Kama yangechukuliwa kuwa sharti, yangeonekana katika ratiba yenyewe: siku ya ziada ya kupumzika Horombo, fedha za akiba za kushukia, na saa iliyokubaliwa ambayo baada yake hakuna anayeendelea kupanda, awe amebakiza meta 50 au 500.

Ugumu wa kifalsafa unazidi katika usiku wa mwisho. Wapandaji wengi huondoka kambi ya Barafu au mabanda ya Kibo karibu na saa sita usiku ili wafike juu alfajiri, na kileleni kila pumzi huingiza takriban nusu ya oksijeni ambayo mtu angeipata ufukweni Tanga. Ugonjwa wa mwinuko unapozidi, una sura mbili za hatari, moja ikiwa mapafu kujaa maji na nyingine ubongo kuvimba, na hii ya pili huanza kwa kuyumba na kuchanganyikiwa, kiasi kwamba kiungo kinachohitajika kutambua ugonjwa ndicho kilichoshikwa nao. Aliyefika hali hiyo mara nyingi husisitiza kwamba yu mzima na kwamba ataendelea. Je, ni nani anayesema hapo? Maadili ya zama hizi yanaheshimu sana uhuru wa mtu wa kujiamulia, lakini kanuni hiyo inamchukulia anayeamua kuwa mmoja na yule yule tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali huyu wa meta 5,700 na yule aliyeketi Moshi akinywa kahawa wana nia zinazopingana.

Mwanafalsafa wa Norwei, Jon Elster, alilijadili tatizo la aina hii katika kitabu alichokichapisha mwaka 1979, akitumia kisa cha kale cha Kigiriki cha nahodha Odysseus, ambaye, akijua kwamba nyimbo za viumbe fulani wa baharini zingemvuta kwenye maangamizi, aliwaamuru mabaharia wake wamfunge kwenye mlingoti na wasimsikilize atakapoomba kufunguliwa. Kujifunga huko ni matumizi ya uhuru wala si kuupoteza, kwa kuwa mtu anatumia saa ya akili timamu kuilinda nafsi yake dhidi ya saa ya akili iliyolewa. Mwongoza watalii mwenye leseni, ambaye kanuni za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro zinamtaka kila mpandaji awe naye, anashika nafasi ya mabaharia hao. Tofauti ni kwamba mabaharia wa Odysseus walizibwa masikio kwa nta, ilhali mwongoza watalii anasikia vizuri, na anachokisikia ni mgeni anayelia, anayetaja gharama aliyolipa, na ambaye mkononi mwake imo bakshishi inayofanya sehemu isiyo ndogo ya pato la safari. Kumpa mtu mamlaka na papo hapo kumwacha na njaa ya bakshishi ya yule anayepaswa kumkatalia ni kumfunga kamba na kumkabidhi mfungwa kisu.

Historia ya mlima huo inatoa ushahidi usiotarajiwa. Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akazuiwa na barafu, akarudi mwaka 1888 akakamatwa pwani katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani kabla hajaufikia, na mwaka 1889 alirejea pamoja na Mwaustria Ludwig Purtscheller, safari hii akiwa amepanga kambi za juu na wapagazi wa kuzipelekea chakula. Tarehe 3 Oktoba wawili hao walifika ukingo wa kreta, wakaona kwamba sehemu ya juu kabisa bado iko mbele, na kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha na nguvu pia, waliteremka. Tarehe 6 Oktoba walipanda tena wakafika. Kumbukumbu za umma huhifadhi tarehe ya pili, lakini kwa anayechunguza maana ya mpango, tarehe 3 ina uzito zaidi. Kambini, kwenye uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, aliwasubiri Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyevumilia baridi hiyo bila sifa ya kilele chochote.

Jina hilo linaleta swali ambalo wapangaji wengi hulipita haraka: mpango wa mtu mmoja hubebwa na miili ya watu wangapi? Katika simulizi walizoandika wamisionari wa Mombasa baada ya Johannes Rebmann kuiona theluji ya Kibo mwaka 1848, Mangi Rengua, mtawala wa Machame, alituma watu wapande wakachunguze kile kitu cheupe, na mmoja tu alirudi, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Mangi hakupanda. Immanuel Kant, katika andiko lake la mwaka 1785, alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, na kanuni hiyo, iliyo nzito kuielewa darasani, inakuwa nyepesi mbele ya mizani ya langoni Machame, ambako mzigo wa mpagazi hupimwa usizidi kilo 20. Wapagazi, ambao wenyewe huitana wagumu, hubeba mahema, mitungi ya gesi na vyakula, na wapo waliokufa kwa baridi wakiwa na mavazi hafifu huku wageni wao wakiwa na makoti ya manyoya ya bata. Mpango unaotaja aina ya viatu vya mgeni na kunyamaza juu ya viatu vya mgumu ni wenye kasoro ya kimaadili hata kama kila mtu atashuka salama.

Inaweza kudaiwa kwamba mjadala wote huu ni wa kigeni, na John Mbiti, mwanateolojia kutoka Kitui, Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo. Kwame Gyekye wa Ghana alilipinga dai hilo, na miteremko ya Kilimanjaro inalipinga pia: mifongo, ambayo ni mifereji ya kumwagilia iliyochimbwa kutoka mitoni hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na baadaye kahawa, haikuweza kuwapo bila watu waliofikiria vizazi vijavyo. Wachagga, wenyeji wa miteremko hiyo, walipanga sana. Walichokuwa hawakipangi ni kukikalia kilele. Waliomba kwa Ruwa, Mungu wao, wakielekea Kibo, na wafu wao walizikwa wakielekezwa huko, bila kuona kwamba heshima hiyo ilipungua kwa wao kubaki chini. Hilo halithibitishi kwamba kupanda ni kufuru. Linaonyesha tu kwamba thamani ya mlima haikupimwa kwa kufika kileleni, jambo ambalo mpandaji wa leo angefaa kulijua kabla hajalipa.

Hifadhi hutoa cheti kwa aliyefika Uhuru, na kingine kwa aliyeishia ukingoni mwa kreta, Gilman's Point au Stella Point. Aliyegeuzwa chini ya hapo kwa amri ya mwongoza watalii hapewi kitu. Kama kumbukumbu ya mwinuko, utaratibu huo ni sahihi. Kama kipimo cha mtu aliyepanga vizuri, haufai, na mwongoza watalii aliyetoa amri hiyo anastahili bakshishi yake kamili.