Kicheko cha Aliyefungwa Taya

Je, mgonjwa afanyaye mzaha anauficha ukweli wa maumivu yake? Wako wasemao hivyo. Mfikirini, wakatekumeni, mtu wa Keshero aliyeanguka na pikipiki juu ya mawe ya volkano, akavunjika taya. Waganga wamempasua na kuuunga mfupa, kisha wameyafunga mataya kwa nyaya kwa majuma manne, pengine sita. Hatafuni kitu, huishi kwa uji mwepesi na maziwa.

Rafiki wanaingia wakati wa Kwaresima. Naye anaandika katika karatasi: “Mwaka huu nimefunga kuliko padri.” Wanacheka; yeye anacheka kwa macho tu, maana taya linamwuma. Je, amesema uongo? Hakukana maumivu, amewapa wageni mahali pa kuketi.

Lakini mzaha ni mali yake yeye, rafiki wasimdai. Siku asipoutaka, wakae kimya. Rafiki za Yobu walikaa naye chini siku saba bila neno, wakafanya vema; kosa lao lilianza walipofumbua vinywa. Basi mmoja amchujie uji, na mwingine amwendee padri, kwani asiyeweza kula mkate aruhusiwa kupokea Komunyo kwa umbo la divai peke yake.