Meza ya Watu Wanne



Alhamisi hii Marekani inakaa mezani kwa Sikukuu ya Shukrani, na najua wapo kati yenu hapa Minneapolis wanaoiona siku hiyo ndefu. Nyumba nyingi za usharika wetu ni baba, mama na watoto wawili, basi. Hakuna shangazi jikoni wala babu wa kuombea chakula. Sisi tuliozoea sikukuu ya mavuno, kuku na mikungu ya ndizi ikinadiwa nje ya kanisa mpaka jua kali, tunaona sikukuu ya watu wanne imepwaya.

Mimi naona inatosha. Karamu ya Plymouth ya mwaka 1621, ambayo sikukuu hii inaikumbuka, ililiwa na walowezi waliotoka kuzika: kati ya abiria 102 wa meli yao, Mayflower, karibu nusu walikufa majira ya baridi ya kwanza. Walikula pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa nchi. (Yaliyofuata baadaye ni machungu, na tangu 1970 wapo wenyeji wanaoifanya Alhamisi hii kuwa siku ya maombolezo. Tusiwafiche watoto hilo.) Hata Rais Abraham Lincoln alipoitangaza siku hii kwa taifa zima, Oktoba 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa bado vinaua. Katika tangazo lile lile la kushukuru aliwaomba watu wawakumbuke kwa sala wajane, yatima na wafiwa. Hapo ndipo ninapompendea. Hakungoja vita viishe ndipo watu washukuru.

Na uchache nao si kasoro: Luka anasimulia wakoma kumi waliotakaswa na Yesu. Aliyerudi ni mmoja tu, tena Msamaria, mgeni. Hatuambiwi kwamba wale tisa walikuwa wabaya. Pengine walikuwa na haraka ya kufika nyumbani. Bwana aliwaulizia, lakini shukrani ya yule mmoja hakuiona ndogo.

Basi mezani kwenu msishukuru kwa jumla jumla, "uzima na afya", kisha mkachukua vijiko. Bata mzinga atangoja (na mama aliyemlaza tangu Jumatano kwenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu anajua kwa nini, bila hivyo ni nyama kavu tu). Zimeni televisheni. Kila mmoja amgeukie mwenzake amtajie jambo moja alilomtendea: baba anayerudi alfajiri kutoka zamu ya usiku na bado akawapeleka watoto shule, dada aliyekaa na mdogo wake kwenye hesabu mpaka akaelewa. Baba zetu wengi hawajawahi kuambiwa "asante" na watoto wao kwa sauti. Wataona aibu kidogo. Waacheni waone.

Na bibi aliyebaki nyumbani Tanzania apigiwe simu mapema. Saa mbili asubuhi hapa ni saa kumi na moja jioni Moshi, bado yuko macho. Mkimaliza kula ndipo mkapiga, mtamkuta ameshalala.

Neno la mwisho ni ombi. Tunao wanafunzi wa chuo na mama mmoja aliyewasili mwezi huu ambao hawana pa kwenda siku hiyo. Mwenye nafasi ya sahani moja zaidi amwambie mzee wa kanisa wa mtaa wake kabla ya Jumatano jioni.