Mimi Sikumpiga

Mwaka jana, kwenye steji karibu na kwetu, kijana mmoja alishikwa na simu isiyo yake. Kabla sijamaliza kushuka kwenye matatu, watu walikuwa wamemzunguka. Nilijikuta mbele kabisa, nimesimama kwa vidole, mashavu ya miguu yamekaza. Naapa, mguu wangu ulitaka. Haukwenda. Baadaye walimbeba kwa mkokoteni, hajitambui. Tangu siku hiyo, stori hiyo ikizuka, jibu langu ni moja: mimi sikumpiga.

Nilisoma fiziotherapia miaka miwili kabla karo haijanishinda. Mengi nimesahau, lakini hili limebaki: msuli uliotulia haujalala tu. Jaribu hapo ulipokaa. Inua ncha ya mguu, kisigino kibaki chini. Msuli wa mbele, kando ya muundi, unajikaza. Wakati huohuo, ndani ya uti wa mgongo, kuna seli ndogo zinazozituliza zile zinazoamrisha shavu la mguu. Bila hizo, misuli ya mbele na ya nyuma ingevutana, mguu ukabaki mgumu kama mti. Charles Sherrington, Mwingereza aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1932, alionyesha kwamba kuzuia ni kazi ya neva sawa na kuchochea.

Ukitaka kuona thamani ya kazi hiyo, mtazame mgonjwa wa pepopunda. Sumu yake huzifunga mdomo seli zinazozuia, basi misuli inakaza yote kwa pamoja. Ugonjwa haukumwongezea nguvu. Ulimng'oa breki. Umati wa steji ulikuwa hivyo hivyo.

Kwa miezi, somo hilo lilinifariji. Si unaona? Kujizuia ni kazi, na mimi niliifanya. Nilitembea na hiyo kama cheti, mimi nisiye na cheti kingine.

Lakini kuna nusu ya somo niliyokuwa nimeiruka. Shavu la mguu linatulizwa kwa nini? Ili ncha ya mguu iinuke, hatua ipigwe. Uti wa mgongo unauzuia msuli huu ili kuupa nafasi ule mwingine. Mimi nilizuia teke, halafu nini? Sikusema neno. Hata simu sikupiga. Aliyesogea ni mama anayeuza mandazi pale. Alipenya katikati, mikono wazi, akipiga kelele, "Mtaua mtoto wa wenyewe!" Ni kwa sababu yake mkokoteni ulipatikana.

Utaniambia ningejitia kati ningepigwa mimi pia. Inawezekana. Yule mama naye alijua hivyo, na ana umri wa mamangu.

Juzi rafiki aliniuliza tena kuhusu siku ile. Nilimwambia sikumpiga, ambayo ni kweli. Kisha nikaongeza, kwa mara ya kwanza: wala sikusogea.