JE, KUULIZA NAKO NI KUSAIDIA?

Siku hizi baadhi ya vijana wetu waliosoma huajiriwa na mashirika yanayowahudumia wakimbizi, na kazi yao si kugawa unga wala mablanketi, bali ni utafiti. Huenda makambini na madaftari, huuliza, huandika, kisha hurudi ofisini. Wengi wetu twanung'unika: mwenye njaa apewe maswali? Wazee walisema kuuliza si ujinga. Lakini je, ni upendo?

Tulipime jambo hili. Mwaka 1982 mama mmoja Mmarekani, Barbara Harrell-Bond, alianzisha masomo ya wakimbizi katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alifanya utafiti kati ya wakimbizi wa Uganda waliokuwa kusini mwa Sudan, na kitabu chake kikatoka mwaka 1986. Aliona kwamba watoa misaada walitoa hesabu kwa wafadhili wao, si kwa wale waliosaidiwa. Kumbe huruma isiyouliza yaweza kumfanya mtu mzima kuwa mtoto.

Hata Kanisa la kwanza lilijifunza hivyo. Mgao wa kila siku ulikuwapo Yerusalemu, lakini wajane wengine walipitwa. Mitume walilisikia lalamiko, wakasimamia uchaguzi wa watu saba. Kugawa bila kujua nani amepitwa si haki, hata mkono ukiwa mkunjufu.

Basi kuuliza ni sehemu ya kusaidia. Lakini hapo pana deni. Mama aliyekimbia vita vya Kongo akafika Nyarugusu, Mkoa wa Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, anapomsimulia mgeni jinsi alivyompoteza mwanawe, ametoa kitu cha thamani kuliko sadaka yetu. Je, ameambiwa kwamba aweza kukataa, na kwamba akikataa chakula chake hakitapunguzwa? Je, jina lake limefichwa, lisije likawafikia waliomfukuza? Je, yupo atakayerudi kumweleza yaliyoonekana? Mtafiti asiyeyajali hayo matatu achukua mali ya maskini, ijapokuwa ripoti yake ni nzuri.

Nasi tusiokwenda makambini hatukuachwa nje. Katika mtaa wetu wako wajane na wazee tunaowapelekea sukari kila Krismasi. Ni lini tulikaa nao chini, tukawauliza wanahitaji nini, tukangoja jibu?