Je, Kuwapandia Wanyama wa Mwitu ni Sadaka?

Tumeulizwa na ndugu mmoja alimaye katika bonde la Lambwe, huko Homa Bay: mvua za masika zikianza, akitenga kipande cha shamba lake akawapandia kunde wanyama wa mwitu, je, atapata thawabu? Swali hili ni fupi, lakini ndani yake mna mambo mawili yanayopasa kutenganishwa: nia ya mwenye kupanda, na matokeo ya kupanda kwake.

Ama asili ya jambo lenyewe haina shaka. Imepokewa kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Mtume (s.a.w.), ya kuwa Muislamu akipanda, kisha ndege, mtu au mnyama akala katika alichokipanda, huandikiwa sadaka. Angalieni, ndugu zetu, jinsi mnyama alivyotajwa pamoja na binadamu.

Lakini nia za wapandao si moja. Huko Marekani wako watu ambao kila majira ya kuchipua hulima vishamba vya klova na kunde kwa ajili ya kulungu. Wengine wataka kuwatazama tu; wengine wataka wanyama wapazoee pale, ili msimu wa kuwinda ukifika wawapige risasi. Baadhi ya majimbo yao yamekataza kuwinda penye chakula kilichomwagwa chini, yakaruhusu penye chakula kilichopandwa. Sisi hatusemi kuwa kuwinda kwa ajili ya kula ni haramu. Tusemalo ni kwamba chambo kisiitwe sadaka. Mvuvi wa Mbita atiaye chambo katika ndoana hadai kuwa amewalisha samaki.

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na muulizaji wetu hatumdhanii ila kheri. Basi limebaki la pili, nalo ndilo zito.

Katika bonde hilo ipo Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120 hivi, iliyotengwa mwaka 1966 na kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1983. Humo ndimo walimosalia korongo wa Kenya, wale wanyama wakubwa wa jamii ya swala wenye uso mweusi na mweupe. Sensa ya mwaka 2021 iliwakuta 15 tu. Korongo ni mla nyasi. Haja yake si kunde, bali ni malisho yasiyomalizwa na mifugo, maji, na kusalimika na mitego ya waya. Kunde zikipandwa ukingoni mwa mbuga, watakaozifuata kwanza ni nyani na ngiri. Na mnyama aliyeonja shamba moja haulizi mpaka wa shamba la pili. Atakapomaliza kunde za mwenye sadaka ataingia katika mahindi ya mjane wa jirani, ambaye hakunuia kumlisha mtu wala mnyama ila watoto wake. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia, lakini fidia haipikwi jioni ile ile.

Huenda mtu akasema: "Huyo mjane naye ataandikiwa thawabu, kwani mnyama amekula chake." Twajibu: thawabu hiyo ni liwazo litokalo kwa Mola wake, si ruhusa yetu sisi kuitia mali yake hatarini. Dini yetu imekataza kudhuru. Subira ni ya aliyedhurika; aliyeleta madhara hana haki ya kumhubiria. Na atoaye sadaka kwa mali ya mwenziwe, huyo hakutoa kitu.

Kwa hivyo, twamnasihi ndugu yetu, na wakulima wenziwe wa Homa Bay na Migori, hivi: mwenye kutaka kuwapandia wanyama awaulize kwanza majirani zake, na wakikataa aache. Kisha ajue ya kuwa iko sadaka ya kuacha kama iliyoko ya kutoa: kutopeleka ng'ombe katika malisho ya mbuga, kuuacha ukingo wa mto na majani yake, kuutoa mtego wa waya auonapo. Matendo haya hayana mavuno ya kuonyesha watu, na pengine kwa sababu hiyo ndiyo yaliyo karibu zaidi na ikhlasi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.