Je, kunyamaza ni kudanganya?

Mwezi wa sita wa mwaka 2024, baada ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, sisi watu wa Kasindi tulifanya jambo ambalo wengi wetu hatukupata kulifanya maishani. Tulikuwa tumekwenda kuhiji Namugongo pamoja na watoto 32 wa parokia. Tangu Noeli wazazi wao walikuwa wakiweka akiba kidogo kidogo, wengine kwa kuuza samaki, wengine kwa kubeba mizigo mpakani, kusudi watoto wakimaliza kusali wapate na siku moja ya kucheza. Maana iko bustani huko, nje kidogo ya mji, yenye gurudumu kubwa linalopandisha watu juu kuliko miti, na farasi wa mbao wazungukao, na gari-moshi dogo la watoto, na bwawa la kuogelea. Picha zake zilikuwa zimekwisha kuzunguka Kasindi nzima katika simu. Jina la bustani hatutalitaja. Shauri letu si kumshtaki mtu gazetini.

Msomaji wa mbali labda atacheka na kusema: Safari ndefu namna hiyo, kwa ajili ya pembea? Huyo hajui Kasindi. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka hapa kwetu katikati ya ibada ya ubatizo ya ndugu zetu Waprotestanti, na watu zaidi ya kumi walikufa. Na njia ya kwenda Beni, kwa miaka mingi, imekuwa njia ambayo dereva hutazama vichaka kuliko anavyotazama barabara. Mtoto wa hapa akisikia kishindo hulala chini kwanza, ndipo auliza ni nini. Kwa mtoto wa namna hiyo, siku moja ya kupiga kelele kwa furaha si kitu kidogo.

Basi, tulifika mlangoni saa tatu ya asubuhi. Ukuta ni mrefu, lakini juu yake kilele cha gurudumu kilionekana, na watoto walipokiona wakaanza kuimba ndani ya basi. Mlinzi wa mlango alipokea fedha zetu dirishani, akazihesabu mara mbili, akatoza bei ile ile iliyoandikwa ubaoni, akakata tikiti, akasema: «Karibuni, watoto wazuri.»

Ndani tulikuta mafundi. Gurudumu lilikuwa limefungwa kwa minyororo, viti vyake vimeondolewa na kupangwa majanini. Farasi wa mbao walikuwa wamelazwa ubavu, rangi yao imekwanguliwa. Reli ya gari-moshi imeng'olewa, na mahali pake pana marundo ya kokoto. Bwawa lilikuwa kavu kabisa, na watu watatu wamepiga magoti ndani yake wakipanga vigae. Vilivyobaki wazi ni pembea nne na ubao mmoja wa kutelezea. Watoto hawakulia mara moja. Walitutazama sisi wakubwa, na kutazamwa vile kulituuma kuliko kilio.

Tulirudi mlangoni.

«Bwana, mbona hukutuambia?»

«Mzee, hamkuuliza.»

«Ungalituambia, tusingaliingia.»

«Najua, mzee. Na mimi ningalikula nini?»

Hakusema kwa dharau. Alitueleza kwa upole, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, kwamba bwana wake amemwagiza hivi: anayeuliza ajibiwe kweli, asiyeuliza aachwe apite. Fedha hazirudishwi. Mchana huo msichana mmoja alikanyaga msumari uliotoka katika mbao za mafundi, tukamfunga kitambaa.

Njiani kurudi, basi zima lilikuwa baraza. Mmoja alisema huu ni wizi mtupu. Mwalimu mmoja akakataa, akasema wizi ni kuchukua bila ridhaa, nasi tulitoa wenyewe, kwa mkono wetu, tena tukasema asante. «Na sokoni Lubiriha,» akasema, «nani kati yenu humwambia mnunuzi kwamba ng'ambo ya mto kitu kile kile ni rahisi zaidi?» Watu wakanyamaza, kwa kuwa basi lilikuwa limejaa wafanya biashara.

Neno la mwalimu si la kupuuzwa, tena si jipya. Cicero, Mrumi, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu chake juu ya wajibu. Anatoa mfano wa mfanya biashara anayefika kisiwa cha Rhodes na jahazi la ngano kutoka Aleksandria. Kisiwa kina njaa, na bei ya ngano imepanda sana. Mtu yule ameona baharini majahazi mengine yakija na ngano nyuma yake. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze na kuuza ghali? Cicero asema wanafalsafa wawili walipingana hapo. Diogenes wa Babeli alisema: kutosema si kuficha, muuzaji aeleze yale ambayo sheria inamlazimisha kuyaeleza, mengine si kazi yake. Antipater, mwanafunzi wake, alisema: hapana, wanadamu ni jamaa moja, na faida ya jirani yako ni faida yako. Cicero mwenyewe alimfuata Antipater. Mlinzi wetu, bila kujua, ni mwanafunzi wa Diogenes.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilichukua swali hili hili na kulipima kwa utulivu mkubwa. Juu ya mwenye ngano hakuwa mkali kama Cicero. Alisema hakuvunja haki kwa kunyamaza, ingawa angekuwa na wema mkubwa zaidi kama angalisema au angalipunguza bei. Maana ngano yake ilikuwa ngano nzuri, haina kasoro. Majahazi ya nyuma ni habari ya kesho. Lakini kasoro ikiwa ndani ya kitu chenyewe kinachouzwa, Tomaso hufuata mizani nyingine. Huuliza mambo mawili: je, mnunuzi atapata hasara? Je, atapata hatari? Kumuuzia mtu farasi kiwete kana kwamba ni mwenda mbio, au nyumba inayotaka kuanguka kana kwamba ni imara, na kunyamaza, ni udanganyifu, na muuzaji lazima alipe. Ila kama kasoro ni ya wazi, kwa mfano farasi ni chongo na kila mtu aona kwamba ni chongo, muuzaji halazimiki kuitangaza, maadamu amepunguza bei jinsi inavyostahili.

Twapenda sana mfano huu wa farasi chongo. Umetufanya tujihukumu sisi kwanza. Gurudumu lile tuliliona toka nje, nalo lilikuwa limesimama. Saa tatu ya asubuhi, siku ya watu wengi, gurudumu limesimama wala halina viti! Macho yetu yaliona, moyo ukakataa. Tulijiambia kwamba wataliwasha tukiingia. Hapo kweli hatukudanganywa na mtu. Tulijidanganya wenyewe, kwa kuwa tulikuwa tumetoka mbali, na aliyetoka mbali hapendi kuuliza swali ambalo laweza kumrudisha nyumbani. Sehemu hiyo ya kosa ni yetu, twaipokea.

Lakini hata farasi chongo, asema Tomaso, apunguzwe bei. Wao walitoza bei ya farasi mwenye macho mawili. Na farasi wa mbao, reli na bwawa havikuonekana toka nje. Na msumari haukuonekana hata ndani. Kwa hiyo twasema wazi: mwenye bustani ana deni kwetu. Mlinzi ana sehemu ndogo tu. Mtu anayelipwa mshahara wa siku, na kuagizwa anyamaze, hakuchagua kunyamaza kama bwana wake alivyochagua kuagiza.

Sasa, mwenye bustani angekuwepo angetujibu nini? Tumejaribu kumsemea, maana si haki kumhukumu mtu asiyekuwapo. Labda angesema hivi: «Saruji na vigae hununuliwa kwa viingilio. Nikipunguza bei, mafundi watarudi kwao, na bustani itabaki magofu. Ninyi mnalipa leo, watoto wengine watafurahi kesho. Je, si ndivyo mlivyojenga makanisa yenu?» Jibu hili lilitusumbua siku nyingi, maana kweli ndivyo. Katika nchi yetu wako wazee waliobeba matofali kichwani kwa ajili ya kanisa, wakafa kabla ya bati la kwanza kupigwa msumari. Walilipa bei nzima na hawakuketi hata siku moja katika mabenchi yale. Na hakuna anayesema waliibiwa.

Hawakuibiwa kwa sababu waliambiwa. Mzee alijua kwamba anabeba tofali, wala hakuna aliyemwambia kwamba anakwenda arusini. Tendo ni lile lile, kutoa kwa ajili ya watakaokuja, lakini la mzee ni zawadi, na letu lilichukuliwa kwetu tukiwa hatujui, kisha likaitwa zawadi. Kama mlinzi angalisema: «Mzee, vitu vingi vimefungwa, lakini mkiingia mtatusaidia kuvijenga,» huenda nusu yetu wangaliingia. Watu wa Kasindi si wachoyo. Tazama barabara yetu ya kwenda Beni, kilometa 80. Rais Museveni na Rais Tshisekedi walipozindua kazi yake hapa mpakani mwezi wa sita wa mwaka 2021, kila mtu alijua kwamba kabla ya lami kutakuwa na vumbi, na matope, na malori kukwama. Tulilalamika, ndiyo. Lakini hatukusema tumedanganywa, kwa kuwa mitambo ilikuwa mbele ya macho yetu.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mlango uliofungwa kwa uaminifu. Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, iko hapa kwetu. Pale Ishango mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward, ndani ya mbuga hiyo. Tarehe 11 Mei 2018, upande wa Goma, wageni wawili Waingereza walitekwa njiani pamoja na dereva wao, na mlinzi wao Rachel Masika Baraka, msichana wa miaka 25, akauawa akiwatetea. Wageni waliachiwa baada ya siku mbili. Wakuu wa mbuga wangaliweza kufanya kama Diogenes: anayeuliza ajibiwe, asiyeuliza apite. Wageni bado walikuwapo wa kutaka kulipa. Wao walifunga milango, wakatangaza ulimwenguni kwamba wamefunga, na kwa nini. Hawakuifungua tena kwa wageni mpaka mwezi wa pili wa mwaka 2019. Miezi yote hiyo kiingilio hakikuingia. Twajua maana yake, kwa sababu mgeni asipokuja, mpagazi hana mzigo na mpishi hana chungu. Ukweli ule haukuwa wa bure. Nasi tunapomlaumu mlinzi wa bustani tukumbuke kwamba swali lake, «ningalikula nini?», ni swali la kweli, na mwenye kudai ukweli toka kwake ajue anadai kitu chenye bei.

Liko jambo moja ambalo hatujui tuliweke wapi katika hesabu hii. Kati ya watoto wale alikuwako mvulana wa miaka tisa, mkimya sana, ambaye hakupanda pembea. Alisimama karibu na wale farasi waliolazwa. Fundi mmoja alimwona, akampa kipande cha msasa, akamwonyesha jinsi ya kukwangua rangi ya zamani shingoni mwa farasi. Mtoto alifanya kazi hiyo mpaka saa kumi. Aliporudi kwenye basi mikono yake ilikuwa na vumbi jekundu na la bluu, na ndiye pekee aliyeimba njiani. Mama mmoja alisema: «Basi huyu amepata haki yake.» Hatukubali. Furaha ile ilitoka kwa fundi na kwa mtoto mwenyewe. Mwenye bustani hakuiuza, wala asiihesabu katika kulipa deni lake. Lakini tukimtazama yule mtoto hatuwezi pia kusema kwamba siku ile ilipotea. Yote mawili ni kweli, na hatukuona njia ya kuyapatanisha.

Aliyesumbuka kuliko wote ni mama mmoja auzaye samaki, wale waletwao toka Kyavinyonge. Siku ile alikuwa amepiga kelele kuliko watu wote pale mlangoni. Jumapili iliyofuata alitujia baada ya Misa. Akasema: «Ninyi mnaandika magazetini. Niambieni. Samaki wa jana nikimmwagia maji, nikamweka katikati ya samaki wa leo, na mteja asipouliza, mimi na yule wa mlangoni tuna tofauti gani?» Tulimjibu kwa maneno ya Mtakatifu Tomaso, ya farasi chongo na bei. Akafikiri kidogo, akasema macho ya samaki mteja aweza kuyaona, lakini samaki akimwagiwa maji macho nayo hung'aa. Hatukuwa na la kuongeza.

Sasa ana beseni mbili. Moja ni ya leo, moja ni ya jana, na ya jana ina bei yake ndogo, naye huwaambia watu bila kuulizwa. Tulipita kwake tukamwuliza kama amepata hasara. Akasema mwezi wa kwanza, ndiyo, tena kubwa. Wateja walisikia neno «jana» wakahamia kwa jirani yake, ambaye ana beseni moja tu. Juu ya mwezi wa pili hakusema neno, nasi hatukuuliza, maana watu walikuwa wamesimama nyuma yetu wakingoja kununua.